Mama Asiye na Mbeleko: Hotuba Kuhusu Oposamu Mdogo wa Brazili

Maneno haya niliyasema siku ya sayansi, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi wao na walimu. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyatamka. Nimeruka tu pale umeme ulipokatika tukapoteza dakika kumi tukitafuta tochi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma mkidhani sitawaona: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Juzi nilikwenda kwa sonara kuazima mizani. Ni mzee wa mtaani kwetu, tunaheshimiana. Akaniuliza, "Mwalimu, umepata dhahabu?" Nikamwambia nimekuja kupima mchele. Akanitazama juu ya miwani yake bila kusema neno. Nikatoa punje mfukoni, nikaanza kuziweka kwenye sahani ya mizani moja moja. Ya kwanza ikasoma sufuri nukta sufuri mbili. Nikaongeza ya pili, ya tatu, ya nne. Ilipotua ya tano, namba ikacheza kidogo kisha ikatulia kwenye 0.10. Nikamwambia, "Huyu hapa mtoto, mzee wangu. Moyo unapiga, kucha anazo, na sasa hivi anatambaa kulitafuta ziwa la mama yake." Sonara akavua miwani. Akauliza, "Mtoto wa nani?"

Swali la mzee ndilo lililonileta hapa leo.

Ni mtoto wa mnyama ambaye watu wa kaskazini mashariki mwa Brazili humwita catita. Wanasayansi humwita Monodelphis domestica. Yumo katika jamii ya oposamu, jamii yenye spishi zaidi ya 100, karibu zote za Amerika ya Kati na Kusini. Mkubwa wao aliyezoeleka Marekani anafika kilo kadhaa, sawa na paka aliyeshiba. Mdogo wao kabisa anaitwa Chacodelphys formosa, wa jimbo la Formosa huko Argentina, uzito wake gramu 10 hivi. Huyo alikamatwa mmoja tu mwaka 1920, na kwa miongo mingi dunia nzima ilikuwa na ngozi na fuvu la huyo mmoja, mpaka watu walipoanza kuokota mifupa ya wengine ndani ya matapishi ya bundi. Bundi alikuwa anawajua siku zote.

Catita wangu yuko katikati. Tazameni hapa mezani. Haya ni mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Yashike yote mawili kwa mkono mmoja: huo ndio uzito wa jike mzima, gramu 80 mpaka 100. Dume anazidi, anaweza kufika gramu 150. Ukimpima kwa rula kutoka pua hadi shina la mkia, unapata sentimita 10 mpaka 15, na mkia wenyewe ni kama nusu ya hapo. Rangi yake ni ya majivu, tumbo limepauka. Macho meusi yaliyojitokeza kama mbegu za papai. Pua ndefu yenye unyevu. Masikio membamba, wazi, hayana manyoya. Ukimwona upesi gizani utasema panya, na utakuwa umekosea sana, kwa sababu panya ana undugu wa karibu zaidi na tembo, na popo, na mimi na wewe, kuliko na huyu.

Jina domestica alipewa mwaka 1842 na Mjerumani aitwaye Wagner, na maana yake ni wa nyumbani. Kwao huingia majumbani, na wenye nyumba humwacha, maana anakula mende, panzi, panya wadogo na hata nge. Lile jina la kwanza, Monodelphis, maana yake ni "tumbo moja la uzazi". Hilo ni kosa lililoandikwa kwa Kigiriki. Anayo matumbo mawili ya uzazi, kama oposamu wote. Jina likishaandikwa, wanasayansi hawalifuti, hata likiwa la uongo.

Mimi nilimjuaje? Nilipokuwa nasoma ughaibuni nilitafuta kazi ya jioni, nikapewa kufagia katika nyumba ya wanyama ya chuo kimoja. Humo mlikuwa na panya weupe, sungura, na chumba kimoja mwishoni mwa ukumbi chenye joto kama la hapa kwetu. Kwa baridi ya kule, nilikipenda chumba kile kabla sijajua kilichomo. Nikakuta vizimba vimepangwa kama makabati, kila mnyama peke yake. Nikauliza mbona hawakai wawili wawili wakapashana joto. Mwenyeji wangu akacheka, akasema, "Jaribu."

Sikujaribu, ila nilisahau. Jioni moja nilitakiwa kumtoa dume katika kizimba cha jike, nikapitiwa. Asubuhi nilimkuta dume amejikunyata kwenye kona, sikio limechanika, na jike amesimama katikati ya kizimba, mdomo wazi kabisa, anatoa sauti kama ukucha unaokwaruza bati. Oposamu ana meno 50. Wewe una 32 kama hujang'oa. Akiyaonyesha yote kwa pamoja, unaelewa ujumbe bila mkalimani. Nilikemewa, na nilistahili.

Lakini ndugu zangu, kitu kilichonifanya nibaki baada ya saa za kazi ni mkia. Tuliwapa karatasi zilizochanwachanwa za kutandikia kiota. Jike huchukua kipande kwa mdomo, anakishusha kwenye mikono, mikono inakisukuma chini ya tumbo mpaka miguuni, miguu inakirusha nyuma, na mkia unakipokea na kukizungushia fundo. Kipande cha pili, cha tatu. Mkia ukijaa, anaondoka na mzigo wake nyuma kama mwanamke aliyetoka kuchanja kuni, anaingia kwenye kikombe chake cha kulalia, anaufungua. Kisha anarudi kuchukua zingine.

Sasa tuje kwenye uzazi, maana hapo ndipo penye hotuba.

Wafugaji mliopo mnajua ng'ombe huingia kwenye joto kwa hesabu, kila baada ya wiki tatu. Jike wa catita hana hesabu hiyo. Akikaa mbali na madume, mwili wake unatulia tu, hauhangaiki. Kinachomwamsha ni harufu. Dume ana tezi kifuani na hupaka mafuta yake kila anapopita. Kule tulikuwa tunahamisha jike tukimweka katika kizimba alicholala dume, bila dume mwenyewe, na baada ya wiki moja hivi anakuwa tayari. Harufu peke yake imetosha.

Akishapata mimba, hesabu siku 14. Wiki mbili, basi. Na katika hizo wiki mbili, kwa muda mwingi viinitete vinaelea ndani ya tumbo vikiwa vimefunikwa na utando mwembamba, kama ganda la yai lisilo na chokaa. Siku mbili tatu za mwisho ndipo ganda linapochanika na mtoto anagusana na mama yake, kondo linashika. Halafu linatokea jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilieleza mwaka 2017: mwili wa mama unapoguswa na mtoto huwaka kama unavyowaka ukiingia mwiba. Ni uvimbe wa kujikinga, ule ule wa kidonda. Kwa binadamu moto huo huwaka kidogo mwanzoni kisha unazimwa ili mimba iendelee miezi tisa. Kwa oposamu hauzimwi. Mtoto anatoka.

Anatoka akiwa na uzito wa punje tano za mchele na urefu wa sentimita moja. Hana macho, hana masikio, rangi yake ni ya waridi na ngozi inapitisha mwanga. Miguu ya nyuma ni vijichipukizi tu. Lakini mikono imekamilika, ina misuli, ina kucha. Mtoto huyu amejengwa kwa kipaumbele, kama mtu anayejenga kwa mshahara mdogo: kwanza chumba kimoja chenye bati, sebule itasubiri. Akapewa mikono ya kutambaa, mdomo wa kunyonya, na utumbo wa kusaga maziwa. Mengine baadaye.

Niliona tukio hilo mara moja tu, saa nane usiku, chini ya taa nyekundu. Jike aliketi ameinama, kichwa kikagusa tumbo, akawa anajilamba. Kisha nikaona kitu kama funza kinapanda kwenye manyoya. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Hakuna aliyemsaidia. Alipofika kwenye chuchu akaifungua midomo, akaimeza, na chuchu ikavimba humo ndani ya mdomo mpaka wakawa kitu kimoja. Nyuma yake akaja wa pili. Nilihesabu tisa, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na akina mama mliopo hapa mnanitazama mkisubiri niseme nini. Kwa huyu mama, siku ya kuzaa si kitu. Watoto kumi wote kwa pamoja wana uzito wa gramu moja, asilimia moja ya uzito wake. Ni kama mama wa kilo 60 azae mapacha kumi, na kila mmoja awe na uzito wa yai moja la kuku wa kisasa. Mlinganisheni na panya mdogo wa nyumbani: ana gramu 25, anabeba mimba siku 20, na anajifungua watoto wanane wenye gramu moja na ushei kila mmoja. Zaidi ya theluthi ya mwili wake anaitoa kwa siku moja. Uchungu wa catita uko mbele, kwenye kulea.

Na hapa ndipo wanafunzi huninyooshea vidole. "Mwalimu, kitabu kinasema hawa ni wanyama wenye mfuko. Mfuko wake uko wapi?" Hana. Kangaruu anao. Oposamu mkubwa wa Marekani anao. Baharia Mhispania Vicente Yáñez Pinzón alipompeleka jamaa wa oposamu huyo mbele ya Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella wa Hispania mwaka 1500, baada ya kutoka pwani za Amerika Kusini, watu wa Ulaya wakashangaa mnyama mwenye mfuko tumboni. Catita hana hata mkunjo wa ngozi. Ana chuchu 13 kwa kawaida, zimepangwa kama duara tumboni, wazi kabisa, na watoto wananing'inia hapo kama zabibu. Mama akitembea, wanaburuzika. Akipita kwenye mawe, wanapita nao. Neno leso tulilipata kwa Wareno, na Brazili nayo inazungumza Kireno, lakini mama huyu wa huko hana leso wala kanga ya kumfungia mtoto mgongoni. Mbeleko yake ni chuchu. Ikiponyoka mdomoni mwa mtoto wa siku tatu, mtoto huyo kwa kawaida ndiyo basi. Mdomo wake hauwezi kuikamata tena kwa urahisi.

Chuchu zikiwa 13, hakuna nafasi ya mtoto wa 14. Aliyechelewa kufika hana pa kushika. Nawaambia mapema kwa sababu mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili alilia nilipolisema, na sikuwa nimejiandaa.

Wiki mbili za kwanza hawaachii kabisa. Katika wiki hizo yanatokea mambo ambayo kwa mtoto wa binadamu hutokea gizani, ndani ya tumbo, na hakuna anayeyaona. Kwa catita unayaona mbele ya macho. Maziwa unayaona meupe tumboni, kupitia ngozi. Sehemu ya hewa inapita kwenye ngozi hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu bado ni vifuko vikubwavikubwa visivyogawanyika vizuri.

Ila kinachonishangaza kuliko vyote ni taya. Nishikeni hapa, maana nitawaomba mguse nyuso zenu. Weka kidole mbele ya sikio, fungua mdomo, funga. Umesikia kiungo kinacheza? Hicho ndicho kiungo cha taya cha mamalia. Mjusi hana hicho, ana kingine, kilichotengenezwa kwa mifupa miwili tofauti. Kwetu sisi mifupa hiyo miwili ya mjusi ilihama, ikanywea, ikaingia ndani ya sikio. Leo ni nyundo na fuawe, vijifupa vya kusikilizia. Visukuku vinaonyesha kwamba safari hiyo ilichukua mamilioni ya miaka. Catita anaifanya kwa wiki tatu. Akizaliwa, kiungo chake cha mamalia bado hakijaundwa, kwa hiyo anafungua na kufunga mdomo kwa msaada wa mifupa ambayo baadaye itakuwa ya sikio. Ananyonya kwa masikio yake, ukitaka kusema hivyo. Baada ya wiki tatu hivi kiungo kipya kinashika kazi, na vile vijifupa vinajitenga na taya na kubaki na sikio.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nirudi nyumbani kusomesha baiolojia badala ya kutafuta kazi yenye pesa. Mke wangu anaijua habari hii, hahitaji kukumbushwa.

Baada ya siku 14 wanaanza kuachia chuchu kwa zamu. Sasa wana ukubwa wa haragwe nono, na mama anaweza kuwaacha kiotani akaenda kula. Wengine wanapanda mgongoni na ubavuni mwake wakishikilia manyoya, naye anatembea amejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, kondakta bado anaita. Manyoya yanaota wiki ya nne. Masikio yanaanza kusikia karibu na siku ya 28. Macho yanafunguka kwenye wiki ya tano, na kuanzia hapo wanaiba chakula cha mama. Maziwa nayo yamekuwa yakibadilika muda wote huo, mwanzoni mepesi, baadaye mazito yenye mafuta. Siku ya 56 hivi, wiki nane, wanaachishwa ziwa.

Fanyeni hesabu. Mimba wiki mbili, kunyonyesha wiki nane. Binadamu wa kawaida hubeba miezi tisa, na mtoto anazaliwa na kilo tatu na kitu, anakuja kuongezeka mara ishirini hivi mpaka utu uzima. Catita anatoka gramu 0.1 kwenda gramu 100. Mara elfu moja.

Vitabu vingine mnavyosoma huwaita wanyama hawa duni, eti mimba zao zimeishia njiani kwa sababu hawajafika tulipofika sisi. Sikubaliani navyo, na mtihani ukiuliza jibuni mnavyotakiwa, lakini nisikilizeni. Kwao catita ni Caatinga, nchi kavu ya miiba na dungusi huko Brazili, ambako mvua ikikatika imekatika. Mpo wakulima hapa: nani anamwaga mbegu yote shambani kwa mvua ya kwanza? Mama huyu anatanguliza gramu moja. Mvua ikinyesha na panzi wakiwa wengi, anaendelea kulipa kwa maziwa, siku kwa siku. Mambo yakiharibika, amepoteza kidogo, yeye mwenyewe yu hai, na harufu ya dume ikipita ataanza upya. Panya aliyetoa theluthi ya mwili wake hana uhuru huo. Kila mmoja ana bajeti yake, na hakuna aliyeshindwa kufika.

Wakiachishwa, hawakai pamoja muda mrefu. Tabia ya mama yao wanayo tayari; wakifika miezi mitatu unaanza kusikia ule ukwaruzo wa bati. Miezi mitano mpaka sita wanaweza kuzaa. Jike akipita miaka miwili uzazi unaelekea ukingoni. Akiwa anatunzwa vizuri anafika miaka mitatu, mara chache minne. Maisha yote, tangu funza hadi bibi, yanaingia ndani ya kipindi ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza anafika cha nne.

Wapo ndugu zake wenye haraka zaidi. Monodelphis dimidiata, wa nyika za Argentina, Uruguai na kusini mwa Brazili, anaaminika kuzaa msimu mmoja tu wa maisha yake: wazazi wanajamiiana, wanazaa, wanakufa, na anayefuata kuonekana majanini ni kizazi kipya peke yake.

Mtu ataniuliza: sisi Afrika tuna nini katika habari hii? Kwa sasa hatuna hata mnyama mmoja wa kundi hili la wenye mfuko. Na tafadhali msiniletee panya buku. Yule wa Morogoro anayefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, mifuko yake iko mashavuni, ya kubebea chakula. Yeye ni wa kundi la panya. Ila hatukuwa watupu siku zote. Huko Fayum, Misri, yamechimbwa mabaki ya mnyama mdogo aliyeitwa Peratherium africanum, jamaa wa ukoo huu, wa zaidi ya miaka milioni 28 iliyopita. Walipita hapa, wakaisha.

Kuhusu maabara nitasema kwa kifupi, maana muda nauona. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanyama tisa walitolewa karibu na mji wa Exu, jimbo la Pernambuco, na sehemu kubwa ya catita wa maabara duniani ni wajukuu wa hao tisa. Watu waliwataka kwa sababu niliyokwisha kuitaja, kwamba mtoto aliye katika hatua ya mimba yuko nje, waweza kumtazama. Katika miaka ya 1990 maabara ya mtafiti wa neva John Nicholls ilionyesha kwamba ugwe wa mgongo wa kichanga huyu ukikatwa katika siku zake za mwanzo, nyuzi za neva huota tena na kuvuka jeraha; akikua uwezo huo unapotea. Mwaka 2007 jenomu yake, yaani maagizo yake yote ya urithi, ilichapishwa, ya kwanza kwa mnyama yeyote wa kundi la wenye mfuko, na tukajua ana kromosomu 18 tu, wakati sisi tuna 46. Mwaka 2021 watafiti wa Kobe, Japani, walibadilisha jeni moja ya rangi wakapata catita weupe, na hilo lilikuwa la kwanza kwa kundi hilo pia. Mimi kwa upande wangu kazi ya kukata ugwe nisingeiweza. Nilikuwa mfagiaji, na nashukuru.

Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliniuliza hapa, "Mwalimu, na yule jike wako, aliwalea wote?" Nimjibu kwa kumwongezea jambo moja. Watoto wake walipofika wiki ya nne tulilazimika kumhamishia kizimba kipya, kisafi, hakina kiota. Nilimwekea karatasi. Akatoka na watoto wakining'inia, wengine mgongoni, mmoja amelala juu ya kichwa chake kama kofia. Nikadhani atapumzika. Akachukua kipande cha karatasi kwa mdomo, akakishusha mikononi, mikono ikakisukuma nyuma, kikapita katikati ya watoto wote wale, miguu ikakirusha, mkia ukakipokea. Mtoto mmoja alikwenda pamoja na karatasi. Akafungwa ndani ya fundo la mkia, akapelekwa mpaka kiotani, akafunguliwa humo na kutandikwa pamoja na zile karatasi. Baada ya dakika tano akatokeza pua. Wote tisa waliachishwa ziwa salama.

Mizani iko pale mezani, na mchele uko kwenye bakuli. Jipangeni kwa madarasa, kidato cha kwanza watangulie, kila mmoja apime mtoto wake mwenyewe. Msiiegemee meza, na msipulize. Sonara ameniambia anaitaka kabla ya saa kumi, ana mteja wa pete.